Mvumo Asiousikia Mwengine

Kwa muda wa miezi saba tulikuwa tukimdhulumu mzee wetu kila usiku, na tulikuwa tukifanya hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na desturi ya kulala na redio ndogo ya betri karibu na mto wake, ikinong'ona. Mmoja wetu akiamka usiku kunywa maji, alinyata hadi kitandani kwake, akanyosha mkono na kuizima. Tulidhani amepitiwa na usingizi akaisahau. Tulidhani betri zinaliwa bure. Mama akitushukuru, kwani ile redio ilimkera. Asubuhi tukimkuta Baba amekaa barazani, macho mekundu, hataki mazungumzo, na wajukuu wakicheka karibu naye huwafukuza. Tukaambizana kwamba ndio uzee, na uzee huja na hasira zake.

Hatukujua kwamba kila tulipoizima redio ile tulikuwa tukimrudisha mahali alipokuwa akipakimbia.

Baba alifanya kazi miaka 26 katika karakana ya mbao mjini Mombasa, mbele ya msumeno wa umeme na mashine ya randa. Mafundi wa karakana ile walikuwa wakizungumza kwa ishara za mikono, maana sauti ya mtu haikufua dafu mbele ya mashine. Jioni walipotoka, masikio yao yalivuma kwa saa moja au mbili kisha yakatulia, wakaona ni jambo la kawaida, kama vumbi la mbao puani. Alipostaafu alirudi Lamu, katika nyumba ya wazazi wake mtaani Mkomani, nyumba ya kuta nene za mawe ya matumbawe, daka lake likitazama kichochoro kisichopitiwa na gari. Kwa miaka mingi alikuwa akitwambia kwamba akifika Lamu atalala. Alipofika, kimya kile alichokitamani ndicho kilichomfichulia kilichokuwa ndani ya kichwa chake. Mombasa mvumo ule ulikuwa umefunikwa na matatu, jenereta za maduka na kelele za majirani. Lamu, baada ya Isha, watu wakishaingia majumbani na punda wakishatulia, hapakuwa na cha kuufunika.

Baadaye, alipokubali kusema, alitwambia kwamba ni kama nyenje wengi waliofungiwa ndani ya kopo. Siku nyengine ni kama birika linalokaribia kuchemka ambalo halichemki wala haliepuliwi. Halinyamazi. Ukiziba masikio, huzidi.

Kwa nini hakusema mapema? Tulimuuliza, na jibu lake lilituuma. "Mtu akisema anasikia kitu ambacho wenziwe hawakisikii, nyinyi humwitaje?" Nasi tulijua tunavyomwita. Katika miji yetu mtu wa namna hiyo huambiwa amepagawa, au akili zinamtoka, na watu wakaanza kumpa pole mkewe. Wengine huchukulia kwa mzaha: sikio likilia, husema, kuna mtu anakusengenya. Basi mzee wetu, kwa hesabu hiyo, alikuwa akisengenywa na dunia nzima usiku na mchana.

Siri ilitoka kwa njia ambayo hatukuitarajia. Jirani mmoja, mtu mwema, alimwona akijipiga sikio kwa kiganja mara kwa mara, akadhani limeingia mdudu. Akapasha mafuta ya simsim na kitunguu thomu, akamtia. Mafuta yalikuwa moto kuliko alivyokadiria. Siku ya pili sikio lilivimba likaanza kutoa maji, na hapo ndipo tulipomchukua hospitali, na hapo ndipo, mbele ya tabibu kijana asiye na haraka, Baba alipoulizwa kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Mzee, masikio yako yanavuma?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Tangu lini umejua?"

Tabibu akamtibu kidonda, akatupa barua ya kwenda Mombasa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Huko alifanyiwa kipimo cha usikivu. Alitiwa katika chumba kidogo kisichopenya sauti, akavishwa visikizi, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Mchoro uliotoka ulikuwa kama mteremko: sauti nene alizisikia vyema, lakini kila mlio ulivyozidi kuwa mwembamba ndivyo alivyozidi kuukosa, hata mwisho hakusikia kitu. Daktari alitufafanulia kwa utulivu, nasi tunayaandika hapa kama tulivyoyafahamu na kama tulivyoyasoma baadaye.

Ndani ya sikio, mbali kabisa na kiwambo, mna kifuko kilichojisokota mfano wa konokono, na ndani yake mna chembe zenye vinywele, takriban 15,000 kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazoigeuza sauti kuwa ishara ya kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kubwa za muda mrefu huzivunja, na uzee pia huzipunguza. Kwa ndege, chembe hizo huota upya zikifa. Kwa mwanadamu haziroti tena wala hazibadilishwi. Sasa ubongo, ukikosa habari kutoka sehemu fulani ya sikio, haukubali kukaa kimya. Huongeza nguvu ya kusikiliza. Wenye umri wetu watakumbuka redio za zamani: stesheni isiposhika, ukizidisha sauti unapata mvumo mtupu. Mvumo ule haukutoka studio, umetoka ndani ya redio yenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyouelewa mvumo wa masikio leo. Mara nyingi chanzo kiko sikioni, lakini sauti yenyewe inaundwa na ubongo, na ndiyo maana mafuta ya simsim, hata yangekuwa ya uvuguvugu, yasingeufikia.

Matabibu wa Kizungu huiita hali hii tinitasi. Waarabu huiita tanini, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitengea nafasi yake katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba, katika mlango wa maradhi ya masikio. Tunalitaja hilo kwa sababu lilimfariji Baba kuliko dawa yoyote. Alikuwa akidhani ni aibu yake peke yake, kumbe ni jambo lililoandikwa na tabibu mkubwa miaka 1,000 iliyopita. Na si jambo la wachache. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu milioni 740, wamewahi kuwa na mvumo huu, na kwamba kiasi cha asilimia 2 unawasumbua vikali. Msikitini siku ya Ijumaa, safu moja ya watu wazima ukiihesabu, yamkini wawili watatu wanausikia na hawajamwambia mtu.

Kuna jaribio moja la zamani ambalo tumelipenda sana. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwachukua watu 80 wenye masikio mazima, wakawaweka mmoja mmoja katika chumba kisichopenya sauti, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisema wanasikia sauti: mvumo, mlio, mchemko. Watu wazima wa afya, katika kimya kamili! Maana yake ni kwamba mlio fulani umo ndani yetu sote, isipokuwa dunia huufunika, na ubongo umeuzoea ukaupuuza, kama tunavyoizoea kofia kichwani hata tukaitafuta ilhali tumeivaa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila nyumba ilifahamu. Kinachomtesa mtu si ukubwa wa sauti peke yake. Watu wawili wanaweza kuwa na mvumo wa kiwango kimoja, mmoja akaenda zake kazini na mwengine asilale mwezi mzima. Tofauti ni hofu. Mwenye hofu huusikiliza mvumo wake kama mtu anayesikiliza nyayo za mwizi nje ya dirisha, na kila anavyousikiliza ndivyo ubongo unavyouweka mbele. Akikosa usingizi, kesho huzidi. Na akiwa hana wa kumwambia, hofu hiyo huwa haina mlango wa kutokea. Mzee wetu alikaa peke yake na nyayo za mwizi huyo miezi saba, na sisi tuliokuwa chumba cha pili tukimzimia taa.

Daktari hakutuficha kwamba hakuna kidonge cha kuuondoa. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unasema wazi kwamba mvumo sugu usitibiwe kwa vidonge vya mfadhaiko, wala jani la ginko, wala zinki. Tuliposikia hivyo, mmoja wetu aliikumbuka chupa ya matone iliyonunuliwa kwa bei isiyo haba kutoka kwa mchuuzi aliyeapa kwamba baada ya siku 40 masikio yatakuwa kama ya mtoto. Chupa ile bado iko kabatini. Hatujui tuifanye nini.

Kinachosaidia ni mambo ya utulivu na ya subira. Kwanza, mtu asikae katika kimya kitupu. Feni, redio ya sauti ya chini, dirisha lililofunguliwa upande wa bahari, hivi vyote huupa ubongo kitu chengine cha kushika. Sauti hiyo haihitaji kuushinda mvumo. Inatosha iwe chini yake kidogo, mpaka viwili hivyo vizoeane. Pili, kama usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia huleta nafuu kwa wengi, kwa kuwa ubongo ukipata tena sauti za kweli hupunguza kuzitunga zake. Bei ya kifaa ni mzigo, na sisi tulichangishana ndugu wanne hata tukapata kimoja. Tatu, ipo tiba ya mazungumzo, ambayo mtaalamu humsaidia mtu kuzitazama upya fikra zake kuhusu mvumo. Tiba hiyo ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kupunguza dhiki, ijapokuwa haiipunguzi sauti. Pwani yetu wataalamu wa namna hiyo ni wachache, na hatukumpata. Tulichofanya nyumbani ni kumwacha Baba azungumze.

Redio, basi, ilirudishwa kitandani. Mama aliihamishia upande wake, ili aiangalie asiizime mtu. Lakini lilizuka suala ambalo hatukulifikiria. Sisi tulipendekeza usiku iwekwe Qur'ani, tukiona tumepata kheri mbili kwa mara moja. Baba akakataa. Alisema hawezi kuyafanya maneno ya Mwenyezi Mungu kuwa kifuniko cha kelele, yakisomwa naye amelala anakoroma. Wengine watakuwa na rai nyengine, na jambo hilo tunawaachia masheikh wetu. Kwetu likaamuliwa kwa feni, na siku za kusi, feni haina kazi: dirisha likifunguliwa upepo na bahari vinatosha.

Kwenye sala ndiko alikopata taabu aliyoificha zaidi. Katika rakaa zinazosomwa kimya, alisema, mvumo ulikuja baina yake na maneno yake mwenyewe, akajikuta hajui amefika aya gani. Aliogopa kwamba khushui imemtoka kwa ajili ya dhambi aliyoisahau. Mwanawe mmoja alimshauri asome kwa kuitikisa midomo na kujisikilizisha mwenyewe, badala ya kusoma moyoni tu. Alijaribu, na akasema ni nafuu.

Sasa tuseme na yale yaliyotuhusu sisi, si yeye. Yale masikio yaliyopoteza sauti nyembamba yalikuwa yamepoteza pia herufi: s, f, sh, th. Mtu wa namna hiyo husikia kwamba unasema, ila hasikii unasema nini. "Saa" na "faa" kwake ni kitu kimoja. Sauti za wanawake na watoto humpotea kabla ya za wanaume. Mama alikuwa akilalamika kwamba Baba humjibu mwanawe wa kiume na humpuuza yeye. Miaka hiyo yote alikuwa akiamini kwamba amedharauliwa. Daktari alipouonyesha ule mchoro na kueleza, Mama aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe." Hakuongeza neno, nasi tukatazama pembeni.

Tangu siku hiyo tumejifunza kumkabili usoni tunaposema naye, kumgusa bega kwanza, na kutopaza sauti ovyo. Sikio lililoumia halistahimili makelele, hata kama halisikii mnong'ono, na anayempigia ukelele mzee kiziwi humwumiza mara mbili. Tumeacha pia lile neno letu la "usilifikirie". Hakuna mtu aliyeambiwa asifikirie kitu akaacha kukifikiria.

Kuhusu kahawa, maana tutaulizwa. Wako waliomwambia Baba aache kahawa kabisa, naye akaacha, akapatwa na maumivu ya kichwa siku tatu na mvumo usibadilike. Watafiti waliolichunguza jambo hilo hawakuona kwamba kuacha kahawa kunaupunguza mvumo, na kuiacha ghafla kunaweza kuongeza taabu. Vikombe vyake viwili vya kahawa chungu baada ya Alasiri vimerudi. Kama kahawa inamnyima mtu usingizi, hilo ni jengine.

Zipo dawa, hata hivyo, ambazo zinavumisha masikio, na watu wa pwani tumezijua kabla ya daktari kutwambia. Nani katika wazee wetu hakumbuki kwinini ya homa ya malaria, vile masikio yalivyokuwa yakilia kama kengele hata dozi ikaisha? Mlio ule aghalabu huondoka dawa ikiisha. Aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya vivyo hivyo. Baadhi ya sindano za maambukizi makali, kama jentamaisini, na streptomaisini iliyotumika sana kwa kifua kikuu, zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Mtu asiiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya kusoma haya. Amwambie daktari mara tu masikio yanapoanza kulia.

Na yako mambo yasiyongoja. Usikivu wa sikio moja ukikatika ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo ni dharura: tiba yake ina nafasi nzuri ikianza mapema, na wiki zikipita nafasi hupungua. Mvumo unaopiga sawasawa na mapigo ya moyo huangaliwa, kwa kuwa pengine ni mshipa wa damu. Mvumo wa sikio moja tu nao uangaliwe, au ukija pamoja na kizunguzungu. Pengine ni nta tu iliyoziba sikio, na hiyo huondolewa kwa dakika chache. Lakini iondolewe na mwenye ujuzi, si kwa njiti, wala unyoya wa kuku, wala ufunguo wa kufuli, ambao tumewahi kuuona kwa macho yetu. Na mtu anayesikia sauti zinazosema maneno, si mlio bali maneno, huyo ana jambo jengine, naye pia anastahili tabibu na hastahili kuchekwa.

Mmoja wa wajukuu ana miaka 17 na hulala na visikizi masikioni, muziki wake ukisikika hadi barazani. Mwengine amepata kazi ya uchomeleaji Mombasa. Kanuni za kazi za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele za wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa zaidi ya 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka nguvu ya sauti huwa maradufu. Kanuni zipo. Mjukuu alipoulizwa kama karakanani mwao mna vizibo vya masikio, alicheka. Baba hakucheka. Aliagiza vizibo vya sponji kutoka duka la dawa, pakiti nzima, akamkabidhi kijana mkononi kama anavyokabidhiwa mtu amana, akamwambia, "Hivi ni vyepesi, mjukuu wangu. Mimi nilivyonavyo ni vizito." Vyengine alijiwekea mwenyewe mfukoni mwa kanzu, na katika harusi ya mwezi uliopita, vipaza sauti vilipoanza, tulimwona akivitoa. Zamani angeondoka. Safari hii alikaa mpaka pilau.

Mvumo haukuondoka. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika usiku, feni ikasimama, na nyumba nzima tukaamka kwa kimya. Mama alikuwa wa kwanza kuipapasa redio gizani, betri nazo zimekwisha. Tulisikia wakinong'ona wao wawili kwa muda, kisha hatukusikia kitu. Asubuhi Baba alikuja kwenye kiamsha kinywa, akaketi, akasema kabla ya kuulizwa:

"Jana ilivuma sana."

"Ya nyenje au ya birika?" Mama akauliza.

"Ya birika."

"Basi nisogezee hicho kikombe chako."